Mahema ya juu ya gari, la bei ya chini na la bei ya juu, kwa jicho la mshona maturubai

Hema la juu ya gari likiletwa bandani kwangu hapa Wete, Pemba, sianzi na jina lililoandikwa ubavuni. Naanza na kichwa cha zipu ya mlango. Nakishika kwa vidole viwili, nakivuta taratibu hadi kona ya chini, kisha nakirudisha. Kikienda bila kusita, hema hilo ama ni la gharama, ama mwenyewe ni mtu wa kuosha vitu vyake. Kikikwama na kuniachia unga mweupe vidoleni, nakaa kitako, maana kazi itakuwa ndefu.

Mimi ni mshona maturubai. Marehemu baba alishona matanga ya mashua na majahazi, na shazia zake, sindano nene za kushonea matanga, ninazo hadi leo, nyingine bado nazitumia. Lakini matanga siku hizi ni machache, mashine zimeshika bahari, kwa hiyo riziki yangu inatokana na viti vya gari, mapazia ya bajaji, vifuniko vya boti za uvuvi na, miaka hii ya karibuni, mahema. Mwanzo yalikuja na wageni wanaovuka na gari zao kwa meli hadi bandari ya Mkoani. Sasa yanaletwa na vijana wetu wenyewe, madereva wa watalii wa Chake na wa Unguja, waliogundua kwamba wapo wageni wanaotaka kulala pwani ya Kigomasha, kaskazini mwa Pemba, bila ya hoteli. Na kila mmoja wao ana suali lile lile: anunue la bei nafuu, au ajikaze anunue la fedha nyingi?

Jawabu langu ni kwamba visiwani kwetu tofauti ya bei haipo pale wauzaji wanapoionesha. Wao wanakuonesha ukubwa, taa za ndani, na hema linavyofunguka kwa nusu dakika. Tofauti yenyewe iko kwenye uzi, zipu, bolti na kitambaa. Vitatu vya mwanzo vinabadilishika kwa fundi, tena kwa fedha ya kawaida. Kitambaa hakibadilishiki, na hicho ndicho cha kukilipia.

Kwa asiyeyajua, hema hili hufungwa juu ya keria ya gari na hukaa hapo muda wote wa safari. Ukifika unalifungua, unapanda kwa ngazi, na godoro limo ndani tayari. Waitaliano wa Autohome wanayauza tangu 1958. Waafrika Kusini nao wameyaendeleza sana kwa sababu ya safari zao za porini, na majina kama Eezi-Awn, Howling Moon na Alu-Cab utayaona kwenye gari zilizopanda kutoka huko. Aina kubwa ni mbili. Lipo la kukunjwa, ambalo limefunikwa mfuko mzito wa plastiki. Unavua mfuko, unavuta ngazi, nusu ya sakafu inapinduka na hema linasimama. Na lipo la sanduku, lenye ganda gumu la alumini au faiba. Unafungua kufuli na shokapu ndogo za gesi zinalinyanyua.

Mengi ya bei ya chini ni ya kukunjwa na hutoka viwanda vya Uchina, hema moja likiuzwa kwa majina tofauti, kwa dola 1,000 hivi, likizidi 1,500. Ya bei ya juu huanzia kama dola 3,000, na yako yanayopindukia 5,000. Hapo hujaweka nauli ya meli wala ushuru. Kwa shilingi zetu, upande mmoja unazungumzia milioni mbili na nusu hivi, na upande wa pili milioni saba na nusu hadi kumi na zaidi. Kwa fedha hiyo mtu ananunua gari ndogo iliyotumika.

Sasa kitambaa. Viko viwili. Cha kwanza ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, kizito, kwa kawaida gramu 260 hadi 400 kwa mita mraba, kimefumwa kwa miraba midogo ya nyuzi nene zinazozuia mpasuko usiendelee. Cha pili ni poliesta tupu iliyopakwa utando wa plastiki upande wa ndani, ule unaoandikwa PU. Hiki cha pili wauzaji wanakipigia debe kwa kipimo cha maji: milimita 2,000, milimita 3,000, yaani kimo cha maji kinachoweza kusimama juu yake kabla hayajapenya. Na ni kweli, kikiwa kipya hakivuji.

Lakini utando ule unaliwa na unyevu ukichanganyika na joto, na sisi viwili hivyo tunavyo mwaka mzima. Hema likifungwa bichi wakati wa masika likakaa hivyo, upande wa ndani unaanza kunata. Ukilifungua unasikia kitambaa kikibanduka pole pole, kama plasta inayong'olewa kwenye kidonda. Baadaye utando unameguka vipande vipande na kuacha harufu ya uchachu ambayo haitoki kwa sabuni yoyote. Likifika hapo sina la kumfanyia mtu. Wako wanaopaka dawa mpya juu yake, na haipiti miezi miwili inatoka, kwa sababu imeshikilia kitu ambacho chenyewe kinabanduka.

Kitambaa chenye pamba kina tabia nyingine. Baba alinifundisha kwa marudufu, kitambaa kizito cha pamba: anashona mshono, anautandaza juu ya ndoo, anamimina maji katikati, halafu ananiambia niiname nitazame chini yake. Mwanzo maji yanachuruzika kwenye matundu ya sindano. Ukisubiri kidogo matone yanapungua, kisha yanakoma. Pamba ikilowa huvimba na kuziba tundu. Ndiyo maana hema jipya la kitambaa hiki linatakiwa lifunguliwe nyumbani, limwagiwe maji yakolee hasa, likauke juani, lirudiwe tena, ndipo uende nalo safari. Nimeshaletewa hema jipya kabisa, mwenyewe amekasirika kwamba linavuja mishononi. Nililimwagia maji mchana, likakauka, nikalimwagia tena jioni, na halikuhitaji hata sindano.

Na tena pamba inapumua. Lala humo na mke wako na mtoto usiku wa mwezi wa pili, hali ya hewa imetulia, halafu uniambie kama jambo hilo ni dogo. Udhaifu wake ni koga. Likifungwa bichi siku chache tu, madoa meusi yanaota, na doa lililokomaa halitoki lote. Koga changa naisugua kwa siki na maji kwa brashi laini, kisha jua. Klorini sitii, inakula uzi na kuua dawa ya kuzuia maji.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba kitambaa cha pamba na poliesta kipo pia kwenye mahema mengi ya bei ya chini. Wengi hawajui, wanafikiri ni cha matajiri. Ukinunua la bei nafuu lenye kitambaa hiki umepata kitu. Ukinunua la bei nafuu la poliesta tupu ya PU, kwa Pemba, umenunua miaka michache tu. Namna ya kujua ni rahisi: ndani ya mfuko wa vifaa mara nyingi kuna kipande cha kiraka. Chomoa nyuzi kidogo, ziwashe kwa kiberiti. Poliesta tupu inayeyuka ikawa kidonge kigumu cheusi. Penye pamba utaona pia majivu laini na kusikia harufu ya karatasi iliyoungua. Mafundi wote wa cherehani wanalijua hili.

Uzi sitauzungumza sana. Uliza kama ni wa poliesta. Nailoni ina nguvu lakini jua linaimaliza mapema zaidi, na jua letu liko utosini. Kwenye mahema yaliyokwishatumika natia ncha ya shazia chini ya mshono wa paa, navuta. Ukikatika bila nguvu, napitisha mshono wa pili pembeni mwa ule wa zamani na kuacha kitambaa kama kilivyo. Mshono wa karibu karibu mno nao si uhodari. Unatoboa kitambaa na kukifanya kichanike kwenye mstari ule ule.

Zipu ndiyo inayoniletea wateja wengi. Mtoto wa kaka yangu, dereva wa Chake, alinunua hema la bei ya chini akalifunga kwenye Escudo yake, akawa anapeleka wageni kulala pwani za Vumawimbi na Makangale. Msimu mmoja tu wa kaskazi ulimtosha. Alikuja na hema lote juu ya gari, akasimama mlangoni.

"Shikamoo ami. Mlango hautaki kufunga, na mbu wametumaliza."

"Marahaba mwanangu. Umelikosha tangu ununue?"

"Kulikosha? Si linanyeshewa?"

Nilipanda ngazi. Zipu yenyewe, ile kamba ya meno ya nailoni, ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kichwa. Vichwa vya bei rahisi ni vya madini laini yenye zinki, chumvi inavitafuna kwa ndani, mdomo unapanuka kwa kadiri ya unywele, na meno hayabanwi tena pamoja. Mtu anaona zipu inapita lakini nyuma yake inaachia. Ukiziangalia zipu zina namba, 5, 8, 10, ambayo ni karibu sawa na upana wa meno kwa milimita zinapofungwa. Yake ilikuwa namba 5, ya kutosha mkoba wa skuli. Niliitoa yote nikaweka namba 10 ya meno ya plastiki, ile ile ninayowekea vifuniko vya boti, na kichwa cha plastiki pia. Mlango ule hadi leo unafunga.

Mahema ya bei ya juu hujisifu kwa zipu za YKK, kampuni ya Japani iliyoanza 1934, na sifa hiyo ni ya haki, ingawa jina hilo nalo linaigizwa sana. Lakini hata hiyo inataka maji matamu. Ukirudi pwani, ndoo moja na kitambaa: futa zipu zote, zipitishe mwanzo hadi mwisho zikiwa bado zimelowa, ziache zikauke, kisha pitisha nta ya mshumaa. Mafuta ya kula au ya nazi usipake, yanakamata mchanga.

Nikija kwenye vyuma, hapa nataka msomaji atoke na kitu cha kufanya kabla hajalipa. Chukua sumaku ndogo, ya spika mbovu inatosha, upite nayo kwenye bolti, bawaba na ngazi. Inaposhika kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, na pwani yetu zinki hiyo haichukui muda. Isiposhika, au ikashika kidogo sana, ni stenlesi, na kwenye ngazi huenda ikawa alumini. Halafu tazama kichwa cha bolti. Kikiandikwa A2 ni stenlesi ya kawaida, itapata madoa ya kahawia lakini itaishi. Kikiandikwa A4, hiyo ndiyo ya bahari, imeongezwa madini ya molibdeni yanayoihimilisha chumvi. Mafundi wa mashine za boti hawataki nyingine. Bolti zote za hema la bei ya chini zinaweza kubadilishwa kuwa A4 kwa asubuhi moja na fedha ambayo hata dereva mchanga anaimudu, na kazi hiyo nashauri ifanywe hema likiwa jipya, kabla nati hazijashikana.

Mwenye hema la milioni kumi asidhani haya hayamhusu. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Jambiani, Unguja, alinifuata nikavuka kwenda kumtazamia sanduku lake la alumini, hema zuri kweli, mishono yake niliipiga picha kwa kuipenda. Kila bolti ilikuwa ya stenlesi, inang'aa. Lakini kuizunguka, alumini ilikuwa imevimba na kutoa unga mweupe, na matundu mawili yalikwisha kupanuka. Stenlesi na alumini zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Hilo haliondolewi na bei. Linaondolewa na washa ya plastiki katikati ya vyuma hivyo viwili, na grisi ya kutosha. Tulifungua bolti moja baada ya nyingine, tukasugua, tukaweka washa za nailoni. Shokapu za gesi nazo zilikuwa zimeanza madoa kwenye fimbo. Fimbo ikishika kutu inakwaruza raba ya ndani, gesi inatoka, na sanduku linakuangukia kichwani. Nilimwambia, "Bi mkubwa, kila ukilifungua zifute fimbo hizi kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine." Anafanya hivyo, na hema linafanya kazi vizuri.

Uzito nautaja kwa ufupi lakini kwa msisitizo, kwa sababu unahusu roho za watu. Kitabu cha gari kinaandika mzigo unaoruhusiwa juu ya paa wakati gari inatembea. Gari nyingi ndogo ndogo huwa kati ya kilo 50 na 100, na hesabu hiyo inaingiza keria yenyewe. Hema la kukunjwa lina kilo 45 hadi 60 hivi. La sanduku mara nyingi lina 60 hadi 90. Mtu mwenye Escudo au RAV4 anaweza kununua hema la gharama kubwa kabisa likawa ndilo lisilofaa kwa gari yake. Mkilala, gari imesimama, paa linabeba zaidi ya hapo bila tabu, kwa hiyo msiogope uzito wa watu. Ogopeni kona na breki za ghafla. Na urefu pia. Njia ya kwenda Vumawimbi inapita ndani ya msitu wa Ngezi, matawi yameinama, na mfuko wa hema la kukunjwa ukikamatwa na tawi unachanika kwa urefu wake wote. Mifuko hiyo naishona upya kwa plastiki ya vifuniko vya malori, mizito kuliko ya kiwandani. La sanduku hapa linashinda. Tawi linaacha mkwaruzo tu.

Kulala kwenyewe. Godoro la bei ya chini ni la sentimita 5 au 6, sponji nyepesi, na baada ya miezi mbavu zinaijua sakafu. Usilalamike, kata sponji nzito dukani kwa kipimo cha foronya ile ile, ila kwanza hakikisha hema bado linafunga. Kinachosumbua zaidi ni maji chini ya godoro. Sakafu ya alumini inapoa usiku, unyevu wa miili unashuka hadi hapo, na asubuhi unanyanyua godoro unakuta matone. Hili linatokea kwenye hema la kila bei. Wauzaji wana mkeka maalumu wa nyuzi za plastiki wa kutandika chini yake. Mimi natengeneza wa usumba, ule wa makumbi yaliyofukiwa pwani na kupigwa na kina mama, niliouchambua na kuushona kati ya vipande viwili vya chandarua. Hewa inapita, chumvi haiudhuru, hauozi upesi, na ukilowa unautandaza juu ya boneti ukauke. Mtoto wa kaka yangu anao, na wageni wake wamenunua ya kwenda nayo kwao.

Nina neno kuhusu stara, ambalo sijaliona likizungumzwa na wauzaji. Mengi ya kukunjwa huja na chumba cha chini, kitambaa kinachoning'inia kuzunguka ngazi hadi ardhini. Katika mahema ya sanduku chumba hicho mara nyingi hakipo, au unanunua mbali. Kwa Mzungu aliye peke yake jangwani hakina maana. Kwa familia yetu ni nusu ya thamani ya hema. Mwanamke anapanda na kushuka ngazi ndani ya kitambaa, watu wanabadilisha nguo, kuna pa kutia udhu na kuswali bila kuinama, na bibi asiyeweza ngazi anatandikiwa chini akalala na wajukuu. Nimeshona vyumba hivi kwa mahema ya sanduku, na kila aliyewekewa hajaking'oa.

Upepo una mahali pake katika hesabu. Vumawimbi inatazama mashariki, kwa hiyo kaskazi inaingia moja kwa moja. Wakati huo hamia upande wa magharibi, Verani au Tondooni. Hema la kukunjwa lina paa la juu lililonyooshwa kwa fimbo, na upepo ukishika linapiga usiku kucha. La sanduku linalofunguka upande mmoja, elekeza bawaba, yaani upande ulio chini, kwenye upepo, mtalala kimya. Hapa fedha ya ziada inaonekana kweli, na mtu anayelala nje mwaka mzima ataithamini.

Kuhusu pa kusimama, nawaomba wageni na wenyeji kwa pamoja: usilale chini ya mnazi, hata kama ndio wenye kivuli, nazi inapasua sanduku la alumini na fuvu vile vile. Chini ya mwembe wenye popo pia usilale, kinyesi chao kinatia doa lisilotoka. Pwani tazama mstari wa mwani mkavu ulioachwa na bamvua, yaani maji makubwa, na usimamishe gari juu zaidi ya hapo. Na kabla ya yote mwone sheha, kiongozi wa mtaa. Tunaishi kwa kujuana, na mgeni aliyelala shehia ya watu bila kusema anawatia watu wasiwasi bure. Ukimweleza, mara nyingi utapata na mtu wa kukuangalia gari. Msimu wa karafuu usifungue hema kwenye uwanja wa watu hata ukiwa mtupu, kesho asubuhi majamvi ya kuanikia karafuu yanatandikwa hapo.

Basi ninavyowashauri wanaonijia ni hivi. Kijana anayeanza, mwenye gari ndogo, anayelala nje mwishoni mwa wiki au kwa wageni wachache wa msimu, achukue la kukunjwa la bei ya chini lenye kitambaa cha pamba na poliesta, na atenge fedha pembeni ya bolti za A4, zipu namba 10 na godoro. Akimaliza hayo atakuwa bado yuko chini ya bei ya lile la juu, na hema lake litakaa. Mwenye kampuni ya kukodisha gari, ambaye hema lake litafunguliwa na kufungwa na mikono ya watu asiowajua wiki hadi wiki, anunue la sanduku. Mgeni hakunji hema kwa uangalifu, na la sanduku halimuombi uangalifu mwingi. Zaidi ya hapo, taa zilizoshonewa ndani, vifuniko vya baridi kali na mashuka yaliyokatwa kwa kipimo ni vitu vya nchi nyingine. Afadhali feni ndogo ya betri na chandarua chenye matundu madogo kweli, kwa sababu usubi wa mikokoni unapita kwenye kile cha kawaida.

Na anayetaka nilitazame lake, alilete kabla ya mwezi wa tatu. Masika ikianza bandani hapakauki kitu, na mshono uliotiwa dawa unahitaji jua la siku mbili. Alilete likiwa kavu, limefunguliwa na kupigwa hewa, na kile kipande cha kiraka kilichokuja nalo asikitupe.